Sura ya Tisa: Kiu ya Thani

Thani aliomba maji mara ya nne, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

"Yakhe, wewe utaukausha mtungi wetu," Muslim alimtania huku akimjazia bilauri. "Bi harusi mwenyewe hujampata, ushaanza kumaliza maji ya kwao!"

"Usinilaumu mimi. Laumu ghala la kampuni kule Saih al-Malih. Bati juu, bati ubavuni, na mwezi wenyewe wa sita. Mle ndani hata mjusi hakai."

Muslim akacheka. Dada yake, Mahbuba, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, hakucheka. Alikuwa akisikiliza koo la Thani. Maji yalishuka kwa mafunda makubwa bila ya pumzi katikati, na bilauri ilipowekwa chini, ile sauti aliyoipenda tangu akiwa msichana wa miaka kumi na saba ikasema kwa haya kidogo, "Niongeze, ndugu yangu."

Hiyo ilikuwa ya tano.

Alkhamisi hiyo ndiyo waliyoingojea kwa miaka miwili. Baada ya alasiri angekuja Ami Harub, mkubwa wa ukoo aliyebaki, kuitaja siku ya harusi. Thani na Mahbuba walikuwa watoto wa ndugu wawili, wamelelewa nyumba moja Malindi, Unguja, kabla ya wote kujikuta Matrah na masanduku yao mwaka wa sitini na nne. Mtu angedhani hakuna ndoa nyepesi kuliko hiyo, mtoto wa ami kwa mtoto wa ami. Lakini Bi Shaikha, mama yake Mahbuba, aliikataa mara tatu, na mara zote kwa sababu moja tu. Sababu hiyo ilikuwa sukari.

Sukari ilimla mumewe polepole, ikaanza na kidole cha mguu na kumaliza na roho. Kisha ikamrudia binti yake mdogo, Kheiria, na safari hii haikuwa na subira. Kheiria alikuwa na miaka kumi na sita. Alianza kwa kiu, akafuatia kukonda, na Bi Shaikha alipomwona mwanawe amekonda kama ng'onda alifanya ambalo mama yeyote wa Unguja angelifanya. Alimnywesha asali na maziwa, akamkamulia sharubati, akamlisha tende kwa mkono wake mwenyewe asubuhi na jioni. Wiki tatu, maana sukari waliijua ya wazee tu. Daktari alipoitwa hata mkoba hakuufungua. Alinusa pumzi ya mtoto, akainamisha kichwa.

Kwa hivyo Ramadhani iliyopita, Bi Shaikha alipoikubali posa ya Thani, aliikubali kwa sharti, na sharti alilisema mbele ya wote. "Nimezika mume, nimezika mwana, wote wa damu ile ile. Thani nampa kwa kuwa mzima. Siku nitayosikia ana sukari, hata kama mashahidi washakaa kitako, nnavunja."

Mahbuba alichukua sinia la chakula, akalipeleka mpaka mlango wa ukumbi. Hakuwa amemwona Thani kwa majuma matatu, maana kazi ya kampuni ya mafuta ilikuwa ikimrudisha mjini kwa nadra. Alimtazama, na moyo ukampiga, kwanza kwa raha kama kawaida yake, halafu kwa jambo jengine.

Saa yake ya mkononi ilikuwa imeteremka karibu na kiwiko. Kola ya kanzu ilimkaa mbali na shingo. Macho yalikuwa yale yale, meusi na ya utani, lakini yalikuwa yamerudi ndani.

"Muone alivyokwisha!" Muslim akasema. "Mapenzi yanamtafuna huyu. Mama, ungemwona!"

Bi Shaikha, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, aligeuza uso. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa haoni ila vivuli. "Sauti yake imekauka," alisema. "Mpe maji."

"Leo tarehe ngapi kwani?" Thani aliuliza haraka, akakodolea kalenda ya ukutani, akafumba jicho moja, akafumba la pili. "Siku hizi wanazichapa hafifu hizi."

Mahbuba alizisoma kutoka mlangoni bila ya taabu.

Kabla ya chakula kwisha Thani alikwenda chooni mara tatu. Mara ya tatu Mahbuba alimngoja atoke, akachukua ndoo ya maji na kuingia, kama mtu mwenye kazi ya kusafisha. Chini, kwenye saruji iliyokuwa haijakauka, sisimizi walikuwa wameshapanga safu. Walitoka ufa wa ukutani, wakaja moja kwa moja, na wengine walikuwa wakizidi kuja.

Aliishika ile ndoo kwa mikono miwili na hakuweza kuimimina. Aliwahi kuwaona sisimizi hawa chooni Malindi, wiki za mwisho za Kheiria. Akiwa na miaka kumi na saba aliwamwagia maji asubuhi kwa asubuhi, akawalaani, na hakujua wanamwambia nini.

Adhana ikaita. Muslim akaenda msikitini, Bi Shaikha akajinyoosha chumbani mwake na mlango wazi. Thani alisema ataswali pale pale, ana uchovu. Alipomaliza akatoka uwanjani, kwenye ukanda wa kivuli chini ya ukuta, akamkuta Mahbuba anaosha vyombo.

"Bint ami," alisema, "huna funda la maji?"

Alimpa. Alimngoja amalize.

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Kukuwaza wewe? Kila saa."

"Sifanyi mzaha, Thani. Kwenda chooni, mara ngapi?"

Tabasamu likapungua. "Mara tano. Sita. Nnakunywa maji mengi, nifanyeje?"

"Na kula?"

"Nnamshinda Muslim. Jana mama kapika sufuria zima, nikalimaliza."

"Na nguo zinakupwaya. Tangu lini?"

"Wiki tatu. Labda nne. Mbona umekuwa kadhi leo?"

Mahbuba alisogea amjibu kwa sauti ya chini, na hapo ndipo pumzi ya Thani ilipomfikia. Ilikuwa na utamu wa ndizi zilizopitiliza. Mahbuba aliwahi kulala kitanda kimoja na harufu ile, ubavuni kwa Kheiria.

"Una sukari," alisema.

Thani hakushtuka. Aligeuka kwanza kuutazama mlango wa chumba cha Bi Shaikha. "Sema taratibu!"

"Kumbe unajua!"

"Nnahisi. Kujua ni kazi ya daktari."

"Basi twende kwa daktari. Sasa hivi."

"Hospitali iko moja, Mahbuba. Nikiingia mlango ule saa nane, alasiri haijafika mama yako ana khabari. Halafu? Sharti lake ulilisikia. Nililisikia na mimi, nilikuwa nimekaa hapo hapo alipokaa leo." Alimshika ncha ya kanga, kwa kuwa mkono hakuwa na haki nao. "Nipe siku kumi. Ami Harub ataitaja harusi tarehe kumi. Nikishakuingiza nyumbani kwangu, asubuhi yake nnakwenda, wallahi, wanidunge mpaka visigino. Wakati huo wa kuivunja ndoa ni mimi peke yangu, na mimi sivunji."

"Kheiria hakupata siku kumi."

"Kheiria alikuwa mtoto."

"Alikuwa akicheka kama wewe hivi, Thani. Mpaka Jumatatu alikuwa akicheka."

"Mimi mwanamme wa miaka ishirini na minane. Nimekungojea miaka miwili, nishindwe na siku kumi?" Akaivuta ile ncha ya kanga. "Nisikilize. Nikikukosa wewe, hiyo dawa wananipa niishie nini?"

Alimtazama. Yeyote aliyewahi kutazamwa namna ile na mtu anayempenda, akiwa na njaa na khofu pamoja, ajiulize mwenyewe angejibu nini kabla ya kumhukumu Mahbuba. Akili yake ilikuwa ikipiga kelele. Lakini moyo ulikuwa umechoka kungoja, na siku kumi zilikuwa chache sana, na labda Kheiria alikuwa mtoto kweli.

"Usile tamu," alisema.

"Sili."

"Na halua ya leo?"

Katika ukoo wao siku ya harusi haikufungwa kwa maneno wala kwa karatasi. Ilifungwa kwa halua. Mkubwa akishaitaja siku, mposaji hula tonge la kwanza, ndugu wa mwanamke akala la pili, na tangu hapo siku haivunjwi. Sahani ikiondolewa kabla mposaji hajaonja, nyumba ya mwanamke imemkataa, na sahani iliyoondolewa hairudishwi mbele ya mtu yule yule hata akae miaka ishirini.

"Tonge moja tu," Thani alisema. "Tonge moja haliui mtu."

"Siku kumi," Mahbuba alijisikia akisema, na akachukia jinsi ilivyokuwa tamu kuisema.

Ami Harub alifika baada ya alasiri na fimbo yake, joho jeusi mabegani ingawa jua lilikuwa likipasua mawe. Aliketi, akaulizwa hali, akanywa kahawa vikombe vitatu, akakitikisa cha mwisho kuonyesha imetosha. Mahbuba alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Mama yake alikuwa kwenye kigoda kando yake, amevaa kanga mpya.

"Bismillahi," Ami Harub alisema. "Sisi ni nyumba moja, maneno mengi hayana haja. Tumeitaja tarehe kumi. Muslim, umeridhika?"

"Nimeridhika, ami."

"Thani, mwanangu. Karibu."

Muslim akaifunua sahani. Halua ilikuwa bado ya moto, nyekundu, samli ikiogelea juu, na lozi zimepangwa pembezoni. Thani alikuwa ameegemea mto. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu, pumzi ndefu za kutoka tumboni, kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na yeye alikuwa amekaa kitako saa nzima. Alinyoosha mkono. Mkono ukatua kwenye jamvi, shibiri moja kutoka kwenye sahani. Ukapapasa.

"Bwana harusi keshalewa!" Muslim alicheka, akamsogezea.

Kheiria alikipapasa kikombe hivyo hivyo, na mama yao alikuwa akicheka hivyo hivyo, akimsogezea asali. Siku ya pili yake walimwosha.

Mahbuba hakukumbuka baadaye kama alilivuta pazia au alilipita tu. Alijikuta katikati ya wanaume, kanga imemwangukia mabegani, ameinama. Vidole vya Thani vilikuwa vishagusa ukingo. Aliinyanyua sahani kwa mikono miwili na kusimama nayo.

"Mahbuba!" Muslim alisema.

Ami Harub hakupaza sauti. "Iweke chini, mwanangu. Unajua unalolifanya?"

"Nnajua, ami."

"Humtaki?"

"Namtaka kuliko roho yangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ana sukari, ami. Anakufa hapa mbele yenu, na nyinyi mnamlisha halua."

Thani aliinua uso. Mahbuba alikuwa amejitayarisha kwa ghadhabu. Haikuwa ghadhabu. Alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango na wa kwao, akafungua mdomo kusema kitu, na hakuweza, pumzi hazikumpa nafasi.

Kutoka nyuma ya pazia Bi Shaikha akaja, akipapasa ukuta, kisha bega la Muslim, kisha hewa tupu, mpaka akaufikia uso wa Thani. Aliushika kwa viganja viwili. Akainama, akaweka pua yake karibu na midomo ya kijana yule, akavuta pumzi.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mpelekeni hospitali. Mbebeni, msimwendeshe kwa miguu." Halafu, akiwa bado ameushika ule uso, akasema kwa sauti ya upole ambayo Mahbuba hataisahau mpaka anaingia kaburini, "Na harusi hakuna, baba. Nisamehe. Hakuna."

Hospitali walimpokea hana fahamu. Muuguzi aliuchemsha mkojo wake na dawa ya buluu katika kichupa, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali papo hapo, alama ya sukari nyingi. Siku mbili alilala hajui mchana wala usiku. Daktari, mama mmoja wa Kihindi mwenye maneno machache, alimwambia Bi Masouda, mama yake Thani, kuwa wangechelewa siku mbili wangemleta kwenye jeneza. Siku ya kumi na mbili wakamrudisha nyumbani na sindano ya kioo, chupa mbili za dawa na karatasi iliyoandikwa saa za kula.

Nyumbani hakuna aliyeweza kumchoma. Bi Masouda aliishika sindano, akairudisha mezani. Thani mwenyewe aligeukia ukuta. Siku mbili alibebwa kwenda kuchomwa hospitali, na ya tatu akasema haendi tena. Ndipo Bi Masouda alipojifunika buibui na kwenda kumpigia magoti Bi Shaikha, kwa kuwa Mahbuba ndiye aliyemchoma baba yake miaka miwili, Unguja.

Bi Shaikha alizungusha tasbihi mpaka chai ikapoa. "Kwa ajili ya Kheiria," alisema mwishowe. "Mara moja. Na Muslim akae mlangoni."

Mahbuba alimkuta Thani ameketi kitandani, shuka mapajani. Alikuwa amerudi na nyama kidogo mashavuni. Hakumtazama.

"Umekuja kuona ulichookoa?"

"Nimekuja kukufundisha."

"Nifundishe basi, mwalimu."

Aliiacha ile shubiri ipite. Alimwonyesha namna ya kuichemsha sindano na muda wa kungoja ipoe. Alimwonyesha pa kuiweka chupa, ndani ya gudulia la udongo lililovikwa kitambaa kibichi, kivulini, kwa sababu dawa ikipata joto imekufa na yeye atakuwa anajichoma maji. Alimwambia ale kwa saa, ashibe asishibe. Atembee na tende tatu mfukoni. Siku atakayotokwa na jasho la baridi na mikono ikamtetemeka, azile pale pale asione haya. Na miguu aitazame kila anapolala, nyayo na katikati ya vidole.

"Baba hakuwa akiitazama," alisema. "Alikuwa akiona kazi ya kike."

"Kila siku hii sindano?"

"Asubuhi na jioni."

"Mpaka lini?"

Mahbuba alichukua limau, akalichoma mbele yake, akampa bomba la sindano. Thani akalichoma mara moja, mara mbili, limau likatoa maji. Kisha akaliweka kando, na kwa mara ya kwanza akamtazama, na yote yaliyokuwemo kwenye yale macho uwanjani siku ile yalikuwemo bado.

"Ungenyamaza, bint ami," alisema. "Ungenyamaza tu, tarehe kumi ungekuwa umeingia humu ndani."

"Tarehe kumi ningeingia humu kumhani mama yako."

Akainamisha kichwa.

"Wanasema Muslim amepokea posa. Mtu wa Barka."

"Ndiyo."

"Mzima?"

"Mzima."

"Ami Harub nimemwomba. Nimemlilia, Mahbuba, mimi, mtu mzima. Anasema sahani hairudi."

"Nnajua. Niliinyanyua nikijua." Alitaka kusema mengi, kwamba hakulala tangu siku ile, kwamba halua haigusi tena, kwamba huyo mtu wa Barka hata sura yake hajauliza. Alijaza dawa, akalitoa povu, akampa. "Hapa, pajani. Usikaze."

Mkono wa Thani ulikuwa ukitetemeka. Mahbuba akamshika kifundo cha mkono. Hakuwa na haki, na mlangoni Muslim aliona, akageuza uso akatazama njia. Mkono ule ulikuwa mkavu na wa moto, na mapigo yake ya damu yalikuwa chini ya vidole vyake, moja baada ya moja, yote mazima. Ukatulia.

"Sasa," alisema, na akauachia.

Thani akaingiza sindano. Akasukuma taratibu mpaka mwisho, akachomoa, akapafuta kwa pamba kama alivyofundishwa. Mahbuba alimsogezea mkate na yai, akakaa mpaka alipomaliza kipande cha mwisho.

"Na jioni?" Thani aliuliza.

"Jioni utafanya hivyo hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi sitakuwepo, Thani. Kesho sitakuwepo wala kesho kutwa. Uape kuwa utaifanya."

Thani aliifunika chupa ya dawa. "Wallahi," akasema.

Mahbuba akajifunika buibui, akatoka bila ya kugeuka, maana angegeuka asingetoka. Njiani Muslim alitembea kando yake.

"Ameweza?"

"Ameweza."

"Mwenyewe? Bila ya kushikwa?"

"Mwenyewe," Mahbuba alisema, na akasimama katikati ya njia, mchana kweupe, watu wakipita, akalia kwa sauti kama aliyefiwa.